Vyumba vya chini vya Mkunazini

Ukishuka ngazi za lile jumba la Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, palipokuwa na soko la watumwa, jambo la kwanza ni kuinamisha kichwa. Dari iko chini. Kushoto na kulia kuna mabaraza ya mawe, katikati pamepita mfereji, na mwanga unaingia kwa vijidirisha vyembamba kama vya ngome. Juu ya baraza imewekwa minyororo. Mtembeza wageni anasubiri mpaka wa mwisho ashuke, anapunguza sauti, kisha anataja idadi: humu walijazwa wanawake na watoto 75, na chumba cha pili, kile kidogo, wanaume 50. Mfereji ndio uliokuwa choo, maji ya bahari yakipanda yanaosha. Aliyetoka hai baada ya siku kadhaa bila chakula ndiye aliyekuwa na bei sokoni.

Mimi mwenyewe nimeyasema maneno hayo kwa misimu miwili, nilipokuwa nikitembeza wageni kwa kampuni moja ya utalii mjini Unguja. Hakuna aliyenipa karatasi ya kusoma. Nilijifunza kwa kuwafuata nyuma waliotangulia, nikawaiga hata namna ya kukohoa kabla ya kutaja idadi. Nilijua pa kunyamaza, pa kumwacha mgeni apige picha, na pa kuzima tochi ya simu ili giza lifanye kazi yake. Siku moja mama mmoja wa Kizungu alilia mpaka akashikwa mkono kupandishwa juu. Bakhshishi ya siku ile ilikuwa nzuri, na sitajifanya kwamba kichwani mwangu mambo hayo mawili hayakuhusiana.

Kilichonitoa huko ni swali la mtoto. Skuli moja ya Ng'ambo ilileta darasa la sita, na mwalimu wao akaniomba niwasimulie kwa Kiswahili yaleyale ninayowasimulia wageni kwa Kiingereza. Nikaanza. Kijana mmoja alikuwa amekaa juu ya baraza, miguu inaning'inia.

"Maalim, jumba hili limejengwa mwaka gani?"

"Zamani. Wakati wa soko."

"Mbona pale juu umesema lilikuwa hospitali ya wamishionari? Wamishionari si walikuja hapa Mkunazini soko limeshafungwa?"

Wenzake wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikawatoa nje mapema kuliko kawaida. Huko juani nikaanza kuhesabu miaka kwa vidole, jambo ambalo kwa misimu miwili sikuwahi kulifanya.

Tarehe hazikubaliani

Tuanze na soko. Kabla ya Mkunazini, watu waliuzwa Shangani, kwenye uwanja ambao mpaka leo unaitwa Kelele. Mkunazini lilikuwa soko la baadaye, nalo lilikuwa uwanja wa wazi. Majahazi yalileta watu kutoka Kilwa na bandari nyingine za mrima, wakapitishwa forodhani ambako kila kichwa kililipiwa ushuru kama gunia, kisha wakapelekwa kwenye majumba ya wafanyabiashara kusubiri siku ya kuuzwa. Kwa makadirio ya wanahistoria, katika miaka ya 1860 idadi yao ilikaribia 20,000 kwa mwaka, wengi wakitokea upande wa Ziwa Nyasa. Wageni huja wakiamini kwamba wote hao walivushwa kwenda Uarabuni. Sehemu kubwa haikwenda mbali hivyo. Walibaki kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, au walivushwa tena kwenda mashamba ya nafaka ya Malindi na Mombasa.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, alitia saini mkataba wa kuzuia watumwa kusafirishwa baharini na kufunga masoko yote ya watumwa katika himaya yake. Hakutia saini kwa ridhaa. Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza, alimjia mwezi Januari na ombi hilohilo, Barghash akakataa, akitoa sababu ambayo kila Mzanzibari wa wakati ule aliielewa: Aprili 1872 kimbunga kilikuwa kimepita Unguja na kung'oa mikarafuu, watu wamefilisika, na sasa mnataka kuwanyang'anya na mikono ya kupanda upya? Frere akaondoka mikono mitupu. Dr. John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza, ndiye aliyerudi kwake na tishio la manowari kuzingira kisiwa. Hapo ndipo kalamu iliposhikwa.

Uwanja wa soko ukaingia mikononi mwa misheni ya Kianglikana, UMCA, na sehemu ya ardhi inasemekana ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka uleule, 1873. Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka uliofuata, ndiye aliyeusimamia ujenzi. Alifariki 1882 na akazikwa nyuma ya altare. Huyu ndiye Steere aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kukusanya hadithi za Kiunguja, kwa hiyo sisi tunaoishi kwa lugha hii tuna deni naye, tupende tusipende.

Na lile jumba lenye vyumba vya chini? Lilijengwa miaka ya 1890, likiwa hospitali ya misheni. Soko lilikuwa limefungwa kiasi cha miongo miwili kabla yake. Hospitali ya zama zile, katika mji wa joto kama huu, ilihitaji pahala pa baridi pa kuwekea dawa, na chini ya ardhi ndipo penye baridi. Wanahistoria wamelisema hili kwa miaka mingi bila ya kupiga kelele.

Jibu la kawaida ni kwamba hospitali ilipandishwa juu ya msingi wa jumba la zamani. Haliko mbali na akili. Mji Mkongwe wote umejengwa juu ya mji mwingine. Hata maji ya bahari si porojo tupu, maana kabla ya kufukiwa, hori lilifika Darajani, na jina la Darajani lenyewe latokana na daraja lililokuwapo hapo. Lakini anayedai ndiye anayebeba mzigo wa kuonesha, na kwa huo msingi wa zamani sijaoneshwa hata jiwe moja. Nilipowauliza wenzangu, walinijibu kwa methali: lisemwalo lipo. Wakaniachia mwenyewe kuimalizia.

Tofauti ipo, na iko karibu. Nenda Mangapwani, mwendo wa kilomita 20 hivi kaskazini ya mji. Pale pana chumba kilichochimbwa kwenye mwamba na kufunikwa paa la mawe, karibu na bahari, mbali na macho ya konsuli. Kinahusishwa na mfanyabiashara wa watumwa, Muhammad bin Nassor, na kilitumika baada ya 1873, wakati biashara ilipokuwa magendo. Hapo umbo la chumba, pahala pake na tarehe zake vinasema kitu kimoja. Lakini Mangapwani ni mbali, mgeni ana boti ya saa kumi, na Mkunazini iko dakika kumi kutoka forodhani.

Nani anakihitaji chumba

Rahisi kusema ni pesa. Pesa zipo, lakini hazitoshi kuwa maelezo.

Wa kwanza kukihitaji ni mgeni. Amesoma juu ya ngome za watumwa za Ghana na kisiwa cha Gorée, Senegal, anajua kwamba utumwa una pango, mlango mwembamba na minyororo ukutani. Akifika Zanzibar anatafuta umbo analolijua. Ukimpeleka chini ya mwembe Mkunazini ukamwambia, "Soko lilikuwa hapa, uwanja mtupu, jua kali, watu wanapita," anatazama huku na huku kama aliyepotelewa na begi. Ukimshusha chini, ameridhika.

Misheni nayo iliachiwa hadithi iliyokwisha kuumbwa vizuri mno: palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa pamewekwa altare, duara la marumaru linaonesha pahala hapo, na msalaba wa kanisani umechongwa kutoka mti wa kijiji cha Chitambo ambako moyo wa David Livingstone, mmishionari na msafiri aliyeupinga utumwa, ulizikwa 1873. Mwaka uleule. Hadithi ya namna hiyo, ya giza juu ya jiwe moja na nuru juu ya jingine, inahitaji giza liwe na chumba. Hata UNESCO ilipouandikisha Mji Mkongwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, sababu mojawapo iliyotajwa ni nafasi ya Zanzibar katika kukomeshwa kwa utumwa, na jina la Livingstone limo.

Halafu kuna siasa, ambayo sisi wa hapa tunaijua bila ya kufundishwa. Katika zama za vyama kabla ya Januari 1964, habari za minyororo zilisemwa majukwaani kumkumbusha mpiga kura nani ni mjukuu wa nani. Baada ya Mapinduzi zikaingia madarasani. Chumba cha Mkunazini hakikubuniwa na siasa hiyo, lakini kimenufaika nayo: ukikitilia shaka, kuna mtu atakuuliza unamtetea nani.

Hilo ndilo lililonifanya ninyamaze kwa muda. Nilichokigundua baadaye, kwa kukaa barazani tu na kusikiliza, ni kwamba uongo mdogo wa chumba unawalisha hasa wale wanaotaka kuukana utumwa wenyewe. Nimewasikia wakinywa kahawa: "Kile chumba stoo ya dawa, na mengine yote ni hivyohivyo. Utumwa wa kwetu ulikuwa wa upole. Mtumwa alikuwa mtoto wa nyumbani." Wanakamata kosa moja la kweli, wanalifunga kwenye dai la uongo, na wewe uliyesimama chini mle ukataja 75 na 50 huna la kujibu, maana umeshakamatwa kwenye jambo dogo.

Kwa hiyo ziara yetu ilikuwa na kasoro kubwa kuliko tarehe. Ilikuwa imeuweka ushahidi wote wa utumwa wa Zanzibar ndani ya kitu kimoja kisichoweza kuubeba, ilhali ushahidi umetapakaa juu, mitaani, kwenye majumba, kwenye maneno tunayotumia tangu asubuhi.

Nyumba zenyewe

Tazama nyumba. Mji Mkongwe ni majumba ya ghorofa mbili tatu, milango ya nakshi, ua katikati. Nani aliyeteka maji? Nani aliyelala chini ya ngazi? Seyyid Said alipofariki 1856, watoto wake wote waliobaki hai walikuwa wamezaliwa na masuria. Barghash mwenyewe, yule wa mkataba, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Wa baraza ya kahawa hulitaja hili kama hoja ya upole: mtoto wa suria alizaliwa huru na kurithi sawa na mtoto wa mke, na mama yake hakuweza kuuzwa tena, akawa huru bwana akifa. Ni kweli, sheria ndivyo ilivyokuwa. Ila yule mama hakuulizwa kama anataka kuwa suria. Nyumba ile yenye upendo wa kweli ndani yake ilikuwa pia nyumba ambayo nusu ya waliomo hawawezi kutoka mlangoni. Mgeni hawezi kulielewa hilo kwenye chumba cha giza. Analielewa akisimama uani, mchana, pazuri.

Au nyumba ya Tippu Tip, kule Shangani. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watu, aliyefika mpaka Kongo na kufariki hapa mjini 1905. Aliacha kumbukumbu za maisha yake alizozieleza kwa Kiswahili. Nyumba yake kwa miaka mingi imekaliwa na familia za wapangaji, nguo zinaanikwa roshanini, na mlango wake wa nakshi ni miongoni mwa milango mizuri ya mji. Hiyo ni nyumba ya kihistoria kweli, ina mwenyewe anayejulikana na maneno yake yaliyoandikwa. Wageni hupita nje, wanapiga picha ya mlango, wanaendelea na safari ya kwenda kutazama stoo.

Na tazama tarehe ambazo ziara haizitaji. Mkataba wa 1873 haukumwacha huru mtumwa hata mmoja aliyekuwa tayari kisiwani. Utumwa wenyewe, kama hali ya kisheria, ulidumu mpaka amri ya Sultani Hamoud ya tarehe 6 Aprili 1897. Na hapo napo mtumwa hakuamka asubuhi yuko huru. Ilibidi aende mahakamani kuomba, aoneshe atakaa wapi na ataishi kwa kazi gani, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Fidia ililipwa na serikali, na aliyelipwa alikuwa bwana wake. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo, kwa hoja kwamba wao ni kama wake. Walingoja mpaka 1909. Kuna miaka 36 kati ya kufungwa kwa soko na mwaka huo, na watu walizaliwa, wakalea na kufa humo katikati. Ziara ya dakika 40 inairuka yote kwa sentensi moja: "Kisha Waingereza wakaja wakakomesha."

Hata waliookolewa baharini na manowari hawakuachwa waende zao. Walikabidhiwa kwa misheni, wavulana Kiungani, wasichana na familia Mbweni, na mjini wakaitwa mateka. Hilo ndilo jina walilopewa na watu wa mtaani baada ya kukombolewa. Ningetamani kila anayeingia kanisani aambiwe neno hilo kabla ya kuoneshwa msalaba wa Livingstone.

Maonesho na sanamu

Haki itendeke: pale Mkunazini pamebadilika. Wakati kanisa lilipokarabatiwa katika miaka ya 2010 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na World Monuments Fund, yalianzishwa maonesho ya biashara ya utumwa ya Afrika Mashariki, yenye mabango ya maelezo, misafara na njia zake, na maisha ya watu. Anayeyasoma kwa utulivu anatoka na elimu kuliko niliyokuwa nikiitoa mimi. Tatizo ni kwamba mabango yanasomwa juu na chumba kinasimuliwa chini, na miguu ya mgeni inamvuta chini. Mtembeza wageni aliyelipwa kwa saa hana hamu ya kungoja mtu asome.

Nje kuna sanamu. Msanii wa Kiswidi, Clara Sörnäs, aliitengeneza 1998: watu watano wamesimama ndani ya shimo la mraba, wameungwa kwa mnyororo shingoni, nyuso zao hazimtazami mtu. Kwangu hicho ndicho kitu chenye ukweli kuliko vyote uani pale, kwa sababu hakijidai. Mwaka wake unajulikana, mtengenezaji wake anajulikana, na shimo lake limechimbwa kwa ajili yake. Nimewaona watu wakisimama hapo kimya bila mtu yeyote kuwaambia wanyamaze.

Kuna nyumba moja huko Medford, jimbo la Massachusetts, Marekani, ambayo kisa chake ni kama hiki kikigeuzwa nje ndani. Isaac Royall, aliyetajirika kwa sukari ya Antigua, alihamia huko 1737 pamoja na watu 27 aliowamiliki. Jumba lake limebaki, na pembeni yake limebaki jengo walimolala watumwa, jambo la nadra sana upande ule wa kaskazini. Kwa miongo mingi wageni walioneshwa sebule na vyombo vya chai. Baadaye wenye makumbusho waliongeza makazi ya watumwa kwenye jina lenyewe la nyumba, na wakamweka mbele mwanamke mmoja aliyekuwa mtumwa humo, Belinda Sutton, ambaye mwaka 1783 alipeleka ombi kwenye baraza la kutunga sheria kudai pensheni kutoka mali ya Royall. Alikubaliwa pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka, ingawa malipo yalisuasua na ikabidi adai tena na tena. Wao walikuwa na chumba cha kweli wakakaa nacho kimya. Kilichowafungua mdomo si ukuta, ni karatasi ya mwanamke mwenye jina.

Karatasi za namna hiyo zipo kwetu. Ziko Kilimani, Nyaraka za Taifa: madaftari ya walioachwa huru, jina kwa jina. Mabruki, Feruzi, Almasi, Tufaha, Zafarani. Majina ya baraka, vito, matunda na viungo, aina ya majina ambayo bwana humpa mtu aliyemnunua, maana mwungwana hakumwita mwanawe Tufaha. Ukisoma orodha ya majina kama hayo kwa sauti, polepole, mbele ya darasa la watoto ambao babu ya mmoja wao alikuwa Feruzi, huhitaji kuzima taa.

Njia niliyoibadilisha

Niliacha ile kampuni, si kwa ushujaa, msimu uliisha. Nikaanza kupokea vikundi vidogo, zaidi vya skuli, na wageni wachache wanaoletwa na jamaa. Vyumba sikuviondoa kwenye ziara. Nawashusha bado. Nawaachia dakika mbili waangalie, kisha nauliza wao: jumba hili mnadhani lilikuwa nini? Nawapa tarehe tatu tu, 1873, miaka ya 1890, na leo, nawaacha wabishane humohumo. Juu yetu pana nyumba ya kulala wageni, unasikia mtu akiburuta sanduku. Watoto wanafika kwenye jibu haraka kuliko watu wazima, kwa sababu hawakulipa nauli ya ndege kuja kuhuzunika.

Kutoka hapo tunatembea kuelekea Darajani, na njiani tunaokota maneno. Mtumwa ni anayetumwa, hilo watoto wanalijua. Mjakazi. Suria. Mzalia, aliyezaliwa humuhumu utumwani na kujiona bora kuliko aliyeletwa jana. Kisha kaniki, kitambaa cheusi walichovaa wajakazi, na jinsi waliopata uhuru walivyokimbilia kununua kanga, hata ikawa ukitaka kujua nani jana alikuwa nani, angalia nani leo anavaa nini. Tukivuka barabara tuko Ng'ambo, mtaa uliojazwa na watu haohao walipotoka mashambani na majumbani. Darasa zima linakaa huko. Hapo wanaanza kuangaliana.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni kibarua. Ni barua ndogo, basi. Mtumwa wa mjini aliweza kuruhusiwa na bwana wake atafute kazi ya kutwa, apewe kijikaratasi, na jioni alete sehemu ya ujira nyumbani, mara nyingi nusu. Kijikaratasi kikawa jina la kazi, kazi ikawa jina la mtu, na leo waziri anasimama bungeni akisema "vibarua" bila ya kujua ameshika karatasi ya nani.

Mwenzangu mmoja wa zamani aliifuata ziara yangu siku moja, akanivuta pembeni. "Ukiwaambia stoo ya dawa," akasema, "bakhshishi itapungua." Ilipungua. Si sana, lakini ilipungua, na kwa mwezi wa kwanza niliihesabu kila jioni kama mtu anayepima homa.

Mara ya mwisho nilikuwa Darajani na darasa la saba, nimesimama karibu na hamali aliyejipumzisha juu ya gari lake la mkono, nawaeleza habari ya nusu ya ujira. Alikuwa akisikiliza bila kugeuka.

"Maalim," akaingilia, "hiyo nusu alikuwa anapeleka kwa nani?"

"Kwa bwana wake."

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

Akaliangalia gari lake, lenye namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni. "Mimi hesabu yangu napeleka Ijumaa," akasema. Watoto wakacheka, naye akacheka. Msichana mmoja akafungua daftari akauliza, "Hesabu ndiyo nini?" Nikataka kumwambia si sawa, huyu ana gari la kukodi tu, anaweza kuliacha kesho. Lakini hamali alikuwa ameshaanza kumjibu mwenyewe, kwa vidole, kiasi gani anapata na kiasi gani anatoa, na yule msichana anaandika.